Joto la Ng'ambo

Kifaranga anaogopa baridi kuliko njaa. Mbelu alifundishwa hivyo chuoni, na miaka ya kufuga ilimthibitishia: kiini cha yai humshibisha kifaranga siku mbili za kwanza, lakini baridi haimpi muda huo. Ndiyo maana, kwa vifaranga mia mbili wa akina mama wa parokia, walioanguliwa jana tu, alikodi mtumbwi wa kuvuka ziwa. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Kalumba, mpiga kasia, alimwahidi kwamba wakiondoka Nzilo alfajiri watafika kabla ya jua kuzama.

Dhoruba iliwakamata mchana, nguvu nyingi za Kalumba zikiwa zimekwisha. Kalumba akakimbilia kisiwa cha matete. Waliuburuta mtumbwi hadi nchi kavu, wakazifunika katoni za vifaranga kwa turubai, wakaketi chini yake pamoja nazo. Ng'ambo, mvua ilipopungua kidogo, mabati ya kijiji cha wale akina mama yalionekana. Kati yao na kijiji, ziwa lilikuwa jeupe kwa povu.

Mbelu aliwasha mbabula, jiko lake dogo la makaa. Alipofunga turubai vizuri, kichwa kilianza kumuuma. Hewa ya makaa ingewaua vifaranga kabla ya baridi. Alipofungua, upepo ulizoa joto lote. Akaacha upenyo mdogo, akijua kwamba hautoshi wala kwa hewa wala kwa joto.

Baridi ilipozidi, vifaranga walianza kurundikana pembeni, kila mmoja akijipenyeza chini ya mwenzake. Walio chini walikosa pumzi. Mbelu aliwatawanya, lakini kabla hajafika katoni ya pili, wa kwanza walikuwa wamerundikana tena.

"Kuku yako inasali kama ba charismatique ku kanisa," Kalumba alisema. "Yote mu kona moja, na kelele."

"Biko nakufa, tata Kalumba."

Kalumba akaanza kuwatawanya wa katoni za upande wake.

"Tujaribu kuvuka," Mbelu alisema baadaye. "Ni pale tu."

"Mama, pale tu njo kunazamishaka batu. Mutumbwi ikipinduka, kuku itaogelea? Wewe unajua kuogelea?"

Hakujua. Kalumba alikuwa sahihi, na usahihi wake haukumpasha joto kifaranga hata mmoja.

Makaa yalipokwisha, Mbelu alifungua blauzi akajaza vifaranga kifuani. Hakuchukua walio dhaifu. Alichukua waliokuwa bado wanapiga kelele. Kalumba naye akafungua koti.

"Mungu wangu. Mi mwanaume muzima, sasa niko nanyonyesha kuku."

Wote wawili walijaa, na katoni zilikuwa bado zimejaa. Mbelu hakuwa na mkono wa kuwatawanya waliobaki. Akisogea, wa kifuani walimwagika. Ikambidi akae na kusikiliza. Katoni ya kwanza ilinyamaza. Ya pili ilikuwa ikilia kwa vipindi.

Simu ikaita mfukoni mwa sketi. Aliipokea kwa vidole viwili. Alikuwa Honorine, mkubwa wa wale akina mama.

"Mama Mbelu, karibu! Nyumba ya kuku iko na moto, batoto banatoka jasho! Tuongeze makala ku mbabula ao tungojee?"

Mbelu alitazama nje. Mawimbi yalikuwa yaleyale.

"Ongezeni," alisema.