Aambiwe Anayeendesha

Akanisi aliibamiza tena ndege chini, na chai ya Kapteni Muniappa ikamwagika yote kwenye suruali yake. Ndege yenyewe haikuwa ndege. Ni chumba cha bati kilichosimamishwa juu ya miguu ya chuma ndani ya ghala moja katika mji wa Nadi, na madirishani mwake hamna kitu ila picha za kompyuta. Lakini kikitua vibaya kinakutikisa kwelikweli, na mgongo haujui kwamba hayo ni maigizo.

"Binti," Kapteni alisema akijifuta, "abiria wako wote sasa wamefupika."

"Samahani, Kapteni."

"Usiniombe mimi. Waombe wenye meno ya bandia, wanayatafuta chini ya viti."

Shida ya Akanisi ilikuwa macho. Miaka yote alirusha vindege vya kupeleka watu, magimbi ya dalo na kuku visiwani, vindege ambavyo rubani amekaa makalio karibu yaguse lami. Huko ukiona nyasi moja moja, ndipo unainua pua. Kwenye dude hili ukiona nyasi umeshachelewa, magurudumu yako kule nyuma yameshapiga. Inabidi uinue pua ungali juu ya paa la ghorofa, uondoe moto wa injini taratibu, utazame mwisho wa njia ya kutulia, kisha usubiri. Moyo wake ulikataa katakata.

Bahati nzuri dude lina sauti. Likishuka linahesabu lenyewe futi zilizobaki: hamsini, arobaini, thelathini. Basi Akanisi akaacha kuyaamini macho, akayaamini masikio. Ikisema thelathini, anavuta usukani kidogo tu, kwa ule mkono wa kumwinua mtoto aliyelala. Kufikia mchana alikuwa anatua bila kumwaga kitu, na Kapteni akathubutu kujaza kikombe.

Ukaja mtihani. Akifaulu, ni ndege kubwa, Sydney na Auckland. Akishindwa, anarudi kwa kuku wake, na ofisi ilishamwambia wazi kwamba nafasi nyingine hakuna. Mama yake naye alishatangaza kanisani, na mdomo wa mama yule ukishatangaza haurudi nyuma.

"Leo sauti tunaizima," Kapteni alisema. "Tuseme imeharibika. Penaia atasoma kipimo na kukuhesabia."

Akanisi akageukia dirisha lake.

Penaia ndiye aliyekaa kiti cha kushoto, mwanafunzi mwenzake, na ni mtoto wa mama yake mkubwa. Kwao milimani huyo ni kaka yako kabisa, na kaka na dada wakishakua hawasemeshani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima nzito. Utotoni walioga pamoja mtoni wakigombania sabuni, yeye akiitwa Aka na Penaia akiitwa Kikojozi, kwa sababu zinazojulikana. Kisha siku moja wakaambiwa basi, na tangu siku hiyo Penaia hajalitamka jina la Aka. Ratiba ya mafunzo ilipangwa na mama mmoja wa New Zealand, mwenye roho nzuri, aliyeona watu wawili wa kijiji kimoja akadhani anawafanyia hisani. Wiki nzima Penaia alikuwa akilisomea dirisha maelekezo, na Akanisi akilijibu dirisha. Kapteni, mzaliwa wa mjini, alidhani ni nidhamu.

Wakashuka. Akanisi akasubiri hamsini. Penaia akakohoa.

"Kapteni," alisema, akimgeukia mzee aliyeketi nyuma yao, "naomba, kwa heshima zote, aambiwe anayeendesha kwamba zimebaki futi aro..."

Puu. Chai yote chini.

Kapteni akasimamisha mashine. Hakufoka, na hapo ndipo walipoogopa. "Haya, niambieni nisichokijua."

Akanisi akamweleza. Penaia alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho huku akikamua suruali.

"Wazee wenu nawaheshimu," alisema. "Lakini wazee wenu hawajawahi kupanda ndege ya rubani aliyemeza ulimi. Nawapa mara moja tena, basi. Wewe, kama huwezi kusema na mtu, sema na ndege. Ndege si dada yako."

Wakarudi angani. Hasira zilikuwa zimempanda Akanisi: hasira za mila, za mama wa ratiba, za hili jibaba zima linaloogopa kumwambia namba. Njia ikaanza kukua dirishani.

"Ewe ndege," Penaia akaanza, kwa sauti ya mtu anayeombea chakula, "hamsini."

Akanisi nusura acheke.

"Ndege, arobaini."

Hapo upepo wa kompyuta ukawasukuma pembeni. Akanisi akahangaika kuinyoosha ndege, na macho yake ya zamani yakakimbilia kwenye nyasi.

"Ndege, thelathini. Ndege, husikii?" Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya mtoni. "Aka, inua."

Mkono ukainua kabla kichwa hakijaelewa. Akaondoa moto, akatazama mwisho wa njia, akasubiri, akasubiri tena, mpaka akadhani wameikosa dunia. Halafu akasikia magurudumu yananguruma kwa chini. Walikuwa wameshatua.

Kapteni alichungulia kikombe. "Hata tone," alisema. "Umefaulu, binti. Sydney watakukoma."

Akanisi hakumsikia vizuri, alikuwa analia. Alikuwa hajui kwamba jina lile amelikosa kiasi hicho. Penaia alishafungua mkanda na kutoka, kainamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Alasiri alirudi na kifurushi cha mizizi ya yaqona, ambayo kwao ndiyo zawadi ya kuombea radhi, akaketi sakafuni mbele ya Kapteni, maana kwa dada mwenyewe haendi, akaomba radhi kwa kinywa chake kukosa adabu. Kapteni alikipokea, akakishika kwa mikono miwili asijue akiweke wapi.

"Nimjibu nini?" akamuuliza Akanisi, aliyekaa kando.

"Mwambie nimepokea, na yameisha," Akanisi alisema. "Tena aambiwe kesho ni zamu yake kutua, na mwenye kuhesabu ni mimi. Akichelewa kuinua pua, nitamwita jina lake la mtoni."

Penaia hakuinua macho, lakini mabega yake yalianza kutikisika kwa kicheko.

"Kapteni," alisema, "naomba aambiwe kwamba nitainua mapema."