Mashine Iliyokataa Kulala

...na hii seva moja je, mbona haitaki kulala, Zornitsa alijiuliza, kidole juu ya kitufe, wenzake wote wa safu hii kazi zao zimehamishiwa safu ya pili, wamezimwa, feni kimya, na nje joto la Julai linayeyusha lami ya mji wa Plovdiv, Bulgaria, humu kipoza hewa kinanguruma kwa ajili ya mashine moja tu, tena kwa kikazi cha mteja mmoja, kidogo kama sisimizi, kinaamka, kinauliza kitu mahali fulani, hakijibiwi, kinasinzia, kinaamka tena... "Zori, we dada, bado tu?" Rumen, mkuu wa zamu, mlangoni, "bonyeza tukale, supu baridi ya mtindi itachemka yenyewe kwa joto hili!"... kinauliza nini lakini, ndani haruhusiwi kuchungulia, mteja mwenyewe hapokei simu, na aliweka sharti kisihamishwe, labda ni mizani ya mizinga ya nyuki huko milimani, labda pampu ya kisima, labda mtu... Bibi Stanka naye kila baridi ikianza alikuwa akizima nyumba, "Wote chumba cha jiko, kuni si za kuchezea!", vitanda, paka, mitungi ya achari, wote kwa moto mmoja, isipokuwa babu, babu na koti lake kwenye ukumbi wa barafu, ananyanyua simu, anasikiliza, anairudisha, "Unafanya nini, babu?", "Naangalia kama laini ipo, mjukuu wangu," maana baba alikuwa Hispania kwenye ujenzi na waya wa simu uliishia palepale ukumbini, haukufika jikoni, na bibi akimwita mkaidi, na Machi simu ilipolia, babu aliinyanyua kabla haijalia mara ya pili... "Hicho hakifanyi kazi yoyote, kiue!" Rumen tena... hakifanyi kazi, hivyo ndivyo programu ya kuchagua mashine za kuzima inavyohesabu, anayengoja ni sifuri, lakini kungoja nako si kazi jamani? sasa ukumbi mzima upashwe moto kwa sikio moja, hapana, waya ndio ungerefushwa, hee, kile kimashine kidogo cha kabatini, kinachokula umeme kama taa ya kitandani, kikae kwenye anwani hii hii ya mtandao, kisikilize tu, kikazi chenyewe kibaki humu humu kimelala, jibu likija ndipo kiiamshe hii kubwa... "Zori!" "Rumen, kaka, hivi mtu anayengoja simu, utamwachaje asikilize bila kumwashia nyumba nzima?" "Mtu gani tena?"