Moshi Wetu, Taa Zenu

Usiku wa jana, katika gesti moja jirani na mtambo wa umeme wa mafuta, niliota mtambo wenyewe amekaa kitako getini kwake, kajifunga shuka, kanuna.

"Shikamoo," nikamwambia, maana umri wake niliuona.

"Marahaba. Na wewe umekuja kunisema moshi?"

"Mimi mpita njia tu."

Akanieleza kazi yake. Kazi yake ni kukaa. Bwawa likijaa, akae. Upepo ukivuma, akae. Gesi ikitosha, akae. Wenzake wakichoka ndipo anaitwa, na akiitika anaambiwa ni ghali.

"Tena mafuta yangu mazito," akasema. "Yasipopashwa moto hayapiti kooni."

Aliyempashia ni jirani yake, Bi Mwanahawa, mama mfupi mwenye masizi hadi kwenye kope. Alikuwa akiyakoroga kwa mwiko kwenye sufuria ya pilau. Nyaya nene zilipita juu ya paa lake zikinguruma. Ndani aliwasha kibatari.

"Huna umeme?" nikashangaa.

"Umeme una haraka, mzee wangu. Hapa kwangu hupita tu, hausalimu."

Mara hatupo tena getini. Tupo barabarani, na nchi nzima imelala kitandani, imebebwa mabegani kama jeneza. Bwawa kashika kona yake, Upepo yake, Gesi yake, Jua yake. Lazima wakanyage hatua moja; mmoja akichechemea, kitanda kinayumba na wananchi wanamwagikiwa chai.

Inaingia jioni. Nchi inawasha taa, pasi na televisheni, na kitanda kinakuwa kizito. Jua anashusha kona yake.

"Zamu yangu imekwisha," anasema, anafuta jasho, anakwenda zake.

"Na mimi maji yamebaki kwenye vifundo," Bwawa analalama.

Anatokea mpanga zamu, bwana mwenye tai ambaye kichwa chake ni simu ya mezani. Kichwa kinalia. "Mzee wa mafuta! Shika kona!"

"Sijanywa," mtambo anajibu.

Wote wanamgeukia Bi Mwanahawa. Yeye kakalia mfuniko wa sufuria.

"Hanywi mtu hapa mpaka nyumbani kwangu iwake taa."

"Mama, nguzo zako ziko njiani," mpanga zamu anasema.

"Ziko njiani tangu nikiwa mwari. Zinakuja kwa magoti?"

"Taifa lianguke kwa ajili ya balbu moja?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Wewe kichwa-simu! Moshi mnamletea bila fomu, bila nguzo, kila siku unafika na mlango unaujua. Mwanga ndio unapotea njia?"

Simu inakata. Tuu, tuu, tuu.

Kitanda kinainama. Upepo kapiga goti. Bi Mwanahawa habanduki. Ndipo mtambo anainuka, viungo vinamlia, anamsogelea.

"Binti yangu, nipe bakuli moja. Hao watangoja. Leo naanzia kwa jirani."

"Apa."

"Nikikudanganya, nizimike nisiwake tena."

Bi Mwanahawa anamtazama, anamtazama tena. Anashuka kwenye mfuniko. Anamchotea.

Nikaamka. Feni imesimama. Ukumbini Chande, mhudumu wa gesti, alikuwa akilaani: umeme umekatika mji mzima. Nikafungua dirisha. Giza tupu, ila chini ya bomba la moshi, katika kijumba kisicho na nguzo wala waya, mlango ulikuwa wazi na ndani kuna mwanga mweupe.

"Chande, nani anakaa pale?"

"Bibi mmoja mkorofi. Hajawahi kuvutiwa umeme yule. Huo mshumaa tu, mzee."

Akaja dirishani, tukatazama wote.

"Mshumaa," nikamwuliza, "unaning'inia darini?"