Kuimba kwa Kuvuta

Baada ya chakula cha mchana meza za bwalo la kiwanda cha saruji zilisogezwa ukutani, na mwalimu wa kwaya akawaambia waimbaji waweke kiganja kifuani na kusema "aaa" kwa sauti ya chini mpaka mfupa utetemeke. Hiyo, alisema, ndiyo sauti ya kifua. Mama Uzi, ambaye kazi yake ilikuwa kushona midomo ya mifuko kwenye ukumbi wa kufungashia, aliitoa vizuri kuliko wenzake wote wa sauti ya pili. Pamoja na sauti likatoka vumbi. Lilikuwa la kijivu, kavu, na lilitua begani kwa karani wa mapokezi aliyesimama mbele yake. Karani alijipangusa, akamwomba ageukie kidogo upande wa dirisha.

Watu wa kufungashia walitoa vumbi wote. Wa ofisini hawakutoa kitu. Mwalimu alisubiri litulie, kisha akaendelea na zoezi.

Afisa utumishi alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Alieleza kwa upole kwamba Ijumaa wanakuja wageni kukagua hewa ya kiwanda, kwamba kwaya itawapokea, na kwamba atakayetoa vumbi mbele yao atahesabiwa mgonjwa, hivyo ataenda kupumzika nyumbani hadi atakapoitwa. Wanaosahau wakumbushwe: tangu kiwanda kifunguliwe, waliopelekwa kupumzika wanatosha kujaza lori, na hajaitwa hata mmoja. Walioahidiwa barakoa ni wengi zaidi. Barakoa ziliahidiwa pamoja na rangi ya jengo la ofisi, katika hotuba moja. Rangi ilikuja.

Mume wa Mama Uzi alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipumzika. Zamani aliimba bezi. Sasa alishinda kwenye kiti karibu na mlango, akipumua kama mtu anayepanda ngazi, na nyumba nzima ilitegemea sindano ya mkewe. Alipoambiwa habari za Ijumaa hakuuliza vumbi limetokaje. Aliuliza limetoka kwenye noti gani.

"Ile ndefu ya chini," alisema Mama Uzi.

"Basi hama kifuani, mama watoto. Panda kichwani."

Alipanda. Sauti ya kichwa ilitoka safi lakini nyembamba, na kila aliposhuka kuifuata noti ya chini alilikuta vumbi linamsubiri kooni. Akaimbia puani, likatoka puani, laini kuliko la mdomoni. Akavumisha wimbo midomo ikiwa imefungwa, kama anayebembeleza mtoto. Hapo halikutoka, ila lilibaki ndani akazidi kuwa mzito, na mguu wa kigoda alichokalia ukavunjika. Mumewe alimsaidia kuinuka, kisha wote wawili wakakaa kitako sakafuni kutafuta pumzi. Watoto waliambiwa wafagie.

"Falseto je, ile sauti ya juu ya kubana, baba watoto?"

"Hiyo ya kwetu wanaume. Mkurugenzi akisikia mnalia kama paka atawapumzisha nyote."

Kesho yake alimwomba mwalimu aupandishe wimbo juu kidogo. Mwalimu alisema haiwezekani, kwa sababu mkurugenzi anaipenda noti ile ya chini, na yeye mwenyewe ni kibarua tu. Alipendekeza wapumue kwa zamu, kama zinavyofanya kwaya kubwa: mmoja anapokata pumzi, wengine wanaishikilia noti, msikilizaji asijue. Walijaribu. Noti haikukatika. Vumbi nalo halikukatika.

Wakiwa katikati ya noti hiyo, afisa utumishi alifungua mlango. Mama Uzi alishtuka, akavuta pumzi kwa nguvu bila kuiacha noti, nayo noti ikaendelea kulia huku hewa inaingia. Ilikwaruza kama bawaba kavu, lakini ilikuwa mahali pake. Hakuna kilichotoka. Karani wa mapokezi alitazama bega lake, akaliona limetakata.

Mwalimu alisema ufundi huo anaujua, ila hajawahi kupata sababu ya kuufundisha. Siku zilizobaki sauti ya pili walijifunza kuimba kwa kuvuta na kushusha pumzi kimya kimya, kwa kuwa vumbi lilisafiri na sauti tu.

Ijumaa wageni walikaa mstari wa mbele. Kwaya ilipofika kwenye noti ya chini, vumbi lilianza kushuka kutoka kwenye mapazia, likatoka kwenye fremu za madirisha na makoti ya wageni, likapita sakafuni kwa mstari kama siafu, likapanda na kuingia katika midomo ya sauti ya pili. Kabla wimbo haujaisha, vioo vya madirisha vilikuwa vimetakata na nje ulionekana mlima ambao hakuna aliyewahi kuuona kutoka bwaloni. Mgeni mwenye kipimo alikiinua juu, akakitazama, akaridhika.

Kisha akamgeukia Mama Uzi, akamuuliza kama kazi yake inamsumbua popote. Swali lilikuwa la kweli na mgeni alisubiri. Neno lilikuwa tayari kooni, na nyuma yake lilikuwapo vumbi la bwalo zima. Kando ya mgeni, afisa utumishi alikuwa anatabasamu. Mama Uzi alikuwa bado hajajua kuongea kwa kuvuta. Alitikisa kichwa kukana.

Kiwanda kilipewa cheti. Mashine ya kufyonza vumbi, iliyokuwa iagizwe, haikuagizwa. Kwaya ilihamishiwa kwenye ukumbi wa kufungashia, ikapangiwa zamu, na Mama Uzi akafanywa kiongozi wa sauti ya pili. Hakupelekwa kupumzika. Alitembea polepole, akishika ukuta, na kitanda cha nyumbani kiliwekewa matofali chini. Mumewe alizoea kulala sakafuni.

Sasa waombaji kazi huimbishwa kwanza. Juzi alikuja msichana aliyekulia kwenye kwaya, akaimba kwa sauti ya wazi iliyofika hadi getini. Afisa utumishi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akasema ni nzuri, sasa aigeuze.

Msichana alimtazama Mama Uzi, aliyesimama kando ameshika ukuta.

"Vuta, mwanangu," alisema Mama Uzi, naye akisema kwa kuvuta. "Inakwaruza mara ya kwanza tu."

Msichana alifungua mdomo, na vumbi la mezani likaanza kusogea.