Sauti ya Baba Ilipofungiwa

Asilimia thelathini na nne. Namba ilikaa katikati ya kioo cha bluu, na chini yake maneno mawili: Usizime kompyuta. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, soksi moja mguuni, ndiyo kwanza ametoka kwenye usingizi wake wa mchana. Pumzi yake ilipita kwenye kitundu cha shingoni kwa mlio mwembamba. Akanigonga bega kwa kidole, mara moja, kisha mara ya pili. Nilijua anauliza nini, na sikugeuka.

"Inajisasisha tu, baba. Dakika chache."

Thelathini na nne. Bado thelathini na nne.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hapakuwa na jambo nisilolijua. Kutunga mashairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya meza ya duka la uchapishaji nilikofanya kazi, na aliyethubutu kunikosoa kina kimoja nilimnunia wiki nzima. Kichwa changu kilikuwa kinawaka moto. Nilidhani moto huo ni mwanga.

Baba alikuwa dalali wa minada. Kwa miaka ishirini na saba alisimama juu ya kreti akiuza makabati, baiskeli, majenereta, na siku moja hata jeneza ambalo mgonjwa aliyeandaliwa alipona. Kipaza sauti hakukihitaji. Watu waliokuwa ng'ambo ya barabara walijikuta wakinyoosha mikono kununua vitu wasivyoviona. Mtaani walimwita Mara ya Tatu, kwa jinsi alivyolitamka neno hilo kabla ya kugonga nyundo: taratibu, kama mtu anayekuonea huruma.

Kisha koo likaota uvimbe. Daktari akasema zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, litaondolewa lote, na sauti itaondoka nalo. Mtaalamu wa matamshi wa hospitalini akatukabidhi diski yenye programu na wiki tatu za kufanya kazi. Baba alitakiwa kusoma sentensi elfu moja na mia sita mbele ya kinasa sauti. Programu ingemsikiliza, ijifunze sauti yake, na baada ya upasuaji chochote atakachokiandika ingekisema kama yeye. Sentensi nilizitunga mimi. Nani mwingine?

"Hii ni nini sasa?" aliniuliza siku ya kwanza, karatasi ameishika mbali na macho.

"Sentensi, baba. Soma."

"'Mawingu yameinama yaunywe mlima.' Mwanangu, nani anaongea hivi akitaka apewe chumvi?"

Mama alicheka mpaka tukalazimika kurekodi upya. Nilitunga nyingine, za chumvi na za viatu, na baba akazisoma zote, siku za mwisho kwa mkwaruzo, akimeza maji kati ya sentensi na sentensi.

Miezi miwili baada ya upasuaji alikaa mbele ya kompyuta ya sebuleni, akabonyeza herufi kwa vidole viwili, na sauti yake ikasema, "Mama watoto, chai yangu imepoa." Ilikuwa na ubaridi kidogo, kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Lakini alikuwa yeye. Mama alikwenda jikoni kuipasha moto ile chai na akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Tangu siku hiyo, kila mchana, kompyuta ilitoa kijitangazo pembeni: toleo jipya la mfumo wa kompyuta lipo tayari. Na kila mchana baba alibonyeza Baadaye. Alifanya hivyo miaka mitatu. Kampuni iliyotengeneza ile programu ilikuwa imeshafunga milango, ikigoma hakuna wa kuirekebisha, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote.

Halafu kirusi kikaingia kwenye kompyuta za dukani kwetu. Bosi hakuwa amezisasisha tangu azinunue. Vitabu vya watu, kadi za harusi, tasnifu ya mwanafunzi mmoja, vyote vikageuka alama zisizosomeka. Yule mwanafunzi alikaa chini sakafuni katikati ya duka, mkoba wake bado mgongoni. Nikarudi nyumbani nimefura.

"Baba, kompyuta hii ni nyumba isiyo na komeo."

Akaandika. Sauti ikasema: "Inafanya kazi. Iache."

"Kwa hiyo tuogope kitufe?"

Vidole viwili vikacheza tena. "Kitufe sikiogopi. Namwogopa fundi asiye na kazi."

"Mwache baba yako na mashine yake," mama akadakia. "Kwani imekuomba chakula?"

Wakacheka wote wawili, yeye kwa sauti na baba kwa mabega, na mimi kucheka kule kukanichoma. Kesho yake baba alikwenda kliniki. Nikakaa kwenye kiti chake. Niliiamuru kompyuta ijisasishe yenyewe, isiulize mtu, kila siku saa nane mchana, kwa sababu saa hiyo baba hulala na hapangekuwa na wa kubonyeza Baadaye. Niliweka alama kwenye kila kisanduku nilichokiona. Kimojawapo kilisema toleo la zamani lifutwe mara tu jipya likishaingia, ili kuokoa nafasi. Nafasi ilikuwa ndogo kweli, basi nikafuta na zile rekodi za mwanzo, elfu moja na mia sita. Sauti si ilikuwa imeshajengwa? Nani huhifadhi matofali ya nyumba anayoishi?

Sikumwambia. Miezi minne masasisho madogo yaliingia na kutoka, baba akiamka haoni kitu, nami nikijipongeza kimyakimya. Lile kubwa lilikuja Alhamisi. Jumamosi yake alikuwa anakuja baba mkubwa.

Baba mkubwa ndiye aliyemuuguza bibi, mama yao. Miaka sita alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimlisha kwa kijiko. Siku ya mazishi aliyesimama kuongea alikuwa baba, kwani ndiye mwenye sauti. Aliwashukuru majirani, wauguzi, wachimba kaburi, hata dereva wa gari lililoleta viti. Kaka yake hakumtaja. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na umati mbele yake, na umati ulimlevya siku zote. Baba mkubwa aliondoka kabla udongo haujakauka, wakakaa miaka kumi na moja bila kusemezana. Sasa macho yake yalikuwa yamepofuka, na baba alituma ujumbe: njoo, nina maneno yako. Wiki tatu aliyaandika, akiyasikiliza kwa sauti ya chini, akifuta, akiandika upya. Nilipopita alizima spika.

Saa kumi kasoro namba ilifika mia. Kioo kikazimika, kikawaka, kikatukaribisha kwa rangi mpya. Baba alinisukuma akakaa. Akabonyeza alama ya programu yake. Kompyuta ikajibu kwa maandishi: programu hii haiwezi kufunguka katika toleo hili. Akabonyeza tena. Nikashika mimi, nikatafuta njia ya kurudi tulikotoka, nikaipata, nikaona imefifia. Faili za toleo la awali zimeondolewa.

"Nitarekebisha," nikasema.

Baba alifungua mdomo kusema. Hilo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu. Alifungua mdomo wazi, mishipa ya shingo ikamsimama, na kitundu kikapiga mlio.

Ijumaa nilimwita fundi tuliyemwita Profesa, mtu wa maneno mengi. Alifika akitania, na baada ya saa mbili alikuwa hatanii tena. "Namwona, mdogo wangu," aliniambia kwa kunong'ona. "Faili hili hapa, gigabaiti tatu na nusu. Mzee yumo humu ndani. Lakini limefungwa kwa ufunguo wa ile programu, na ufunguo ulisajiliwa kwa toleo ulilolifuta. Rekodi za mwanzo zipo?"

Nikatikisa kichwa. Akanitazama, akaanza kukunja nyaya zake. Kabla hajaondoka alimwekea baba programu nyingine, yenye sauti ya kijana fulani msafi, kama mtangazaji wa habari. Baba aliandika sentensi moja, akaisikiliza, akaifunga.

Miaka tisa imepita na kompyuta ile iko kwangu. Nimejifunza mengi kwa ajili yake, nimeandikia watu wa mbali nisiowajua, nimelipia vitu vilivyoahidi miujiza. Faili lipo. Gigabaiti tatu na nusu. Nikilibonyeza linaniuliza nilifungue kwa kutumia nini.

Jumamosi ile baba mkubwa aliletwa na binti yake, aliyemkalisha sebuleni kisha akamfuata mama jikoni. Mwili ulikuwa umepungua lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mashairi?"

"Ndiye."

"Bado unayo?"

"Bado."

"Pole." Akatabasamu, kisha tabasamu likakatika. "Baba yako yuko wapi? Nimeambiwa anaongea kwa mashine, lakini kwa sauti yake mwenyewe. Nimekaa garini saa tano kuja kuisikia."

Baba alikuwa mbele yake, hatua mbili. Nikamweleza baba mkubwa. Nilieleza vibaya, nikitumia maneno ya kitaalamu kujificha nyuma yake.

"Itatengenezwa lini?"

"Haitatengenezwa."

"Nani aliiharibu?"

"Mimi."

Baba akatoa mfukoni karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono pande zote, akanikabidhi, akaniashiria nisome. Nikasafisha koo. "Kaka yangu," nikaanza.

Baba mkubwa akainua kiganja. "Usinisomee, mwanangu. Siku ile makaburini hakunisahau kwa sauti yako."

Niliziweka karatasi mezani. Hakuna aliyezigusa. Baba alimtazama kaka yake, na kaka yake alitazama mahali ambapo sauti yangu ilikuwa imetokea. Jikoni maji yalichemka, yakaepuliwa.

"Huo mlio ni wa nini?" baba mkubwa akauliza.

"Ni pumzi yake. Inapitia shingoni."

"Ndivyo anavyosikika?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Mlio ukaanza kukatika, ukarudi, ukakatika tena.

"Analia?"

Machozi ya baba yalikuwa yamefika kidevuni. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, baba mkubwa," nikasema. "Halii."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso iliyokunjwa mara nne, akanyoosha mkono kumpa kaka yake, upande wa dirishani, ambako hapakuwa na mtu.