Karibu ya Pili

Unguja hapana muungwana anayekula kwa karibu ya kwanza. Ukipita mlangoni kwa watu wakakwambia karibu chakula, unasema ahsante, nshakula, hata kama tumbo limeshikana na mgongo. Wakikwambia tena, unasema basi ntaonja. Ya tatu ikifika, ushanawa mikono. Anayekaa kitako kwa karibu ya kwanza ama ana maradhi ya sukari, ama hakupata wa kumfunza.

Bi Mwanamwema alifunzwa, na yeye akafunza. Mwanawe wa pekee, Ayoub, alipokuwa mdogo aliwahi kunyoosha mkono kwenye sahani ya vitumbua vya jirani kabla hajaambiwa mara ya pili. Mama yake alimfinya paja chini kwa chini mpaka machozi yakamlenga. "Usintie aibu," alimwambia walipofika nyumbani, na Ayoub hakurudia tena. Huyo Ayoub sasa ni mtu mzima, anaishi Uswidi na mkewe wa huko, Annika. Wana mtoto wa kike waliyempa jina la bibi yake, wakalikata katikati kwa sababu walimu wa huko liliwashinda, wakamwita Mwema. Bibi hajapata kumwona mjukuu wake huyo ila kwenye simu.

Na macho ya kumwonea yalikuwa yanakwisha. La kushoto lilikwenda zamani, yeye akidhani ni uzee tu. La kulia lilikuwa linaziba kutoka pembeni, ikawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu ya ufunguo. Daktari alimwambia ni presha ya macho. Alikuwa msichana mpole, akamshika mkono.

"Bi Mkubwa, lililokwenda halirudi. Tia dawa asubuhi na jioni, usikose. Na kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu."

Kivulini alikuwa haoni kitu. Juani bado aliona vizuri, hata uzi wa sindano. Siri hiyo aliijua Biasha peke yake, jirani yake wa mlango kwa mlango katika ghorofa ya tatu pale Michenzani, mwanamke mnene wa maneno na wa mwili, aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju kutoka friji lake. Ayoub hakuambiwa. Bi Mwanamwema aliamini kwamba mtu aliye ugenini hapelekewi maradhi, maana atakosa usingizi bure na hana la kufanya.

"Mficha maradhi kifo humfichua," Biasha alimwambia.

"Macho hayauwi mtu, Biasha."

Basi ndipo ulipokuja ujumbe wa sauti kutoka kwa Ayoub, kaskazi ikiwa bado inavuma. Bi Mwanamwema aliusikiliza amesimama jikoni, mwiko mkononi, na wali ukaungua.

"Mama, shikamoo. Skuli za huku zinafungwa mwezi wa nne, majira ya machipuko. Sie tunataka kwenda mji mwengine, na tunataka weye uje tukutane huko huko. Tiketi na viza juu yangu. Annika kasema uchague weye: Vienna, Amsterdam au Lisbon. Na Mwema kasema bibi ndiye mwenye neno la mwisho."

Alimpelekea Biasha simu asikie naye. Biasha alisikia mara mbili, kisha akauliza machipuko ni nini.

"Kwao miti hufa kisha hufufuka," Bi Mwanamwema alimweleza, maana mwanawe aliwahi kumhadithia.

"Kwetu mwezi wa nne masika, vyura tu ndio wanaofufuka."

Tangu hapo, kila alasiri, watu wazima wawili wakawa wanakaa kwenye baraza ya ghorofani wakichagua Ulaya. Biasha ndiye aliyekuwa na simu kubwa, na ndiye aliyesoma. Walianza na Amsterdam. Biasha alimwambia mji huo umejaa maji kila mtaa, watu wanakwenda kwa mashua.

"Maji yapo Mwanakwerekwe, mvua ikinyesha," Bi Mwanamwema alisema. "Jua lipo?"

Jua halikuwapo la kutegemewa. Wakaja Vienna, kuna makasri na magari ya farasi na keki za kila namna. Biasha alizitaja hizo keki moja moja kwa raha zake mpaka mwenziwe akamkatiza.

"Jua, Biasha. Nambie jua."

"Mawingu. Shoga, unakwenda kutembea au kuanika mihogo?"

Wakaja Lisbon. Biasha alisoma kwamba huo ndio mji wa Wareno, na Bi Mwanamwema akacheka. Alisema Wareno walikuja Unguja pasi na kuambiwa karibu hata moja, kwa hivyo hata yeye akienda kwao hadaiwi adabu. Lakini Biasha aliendelea kusoma: kuta nyeupe, vichochoro vya mawe kama vya Shangani, na mwezi wa nne jua linawaka mpaka jioni, mwanga wake watu wanausifu dunia nzima.

"Huko," Bi Mwanamwema alisema.

"Kwa nini huko?"

Akalisema kama lilivyokuwa moyoni. "Nataka nimsimamishe yule mtoto kwenye ukuta mweupe, juani, nimwone uso. Nimtazame mpaka nimjue. Kisha Mungu akitaka kuzima, na azime."

Biasha alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema moshi wa jirani huo.

Toka siku hiyo Bi Mwanamwema akawa mtu mwengine. Alitia dawa asubuhi na jioni bila ya kukosa, akalitunza jicho lake lile moja kama mtu anavyotunza fedha ya hija. Alikwenda Darajani kununua kitambaa kizito, akakishonesha koti. Alipanga visheti atakavyovikaanga na kopo atakalovitia. Usiku, akiwa kitandani, alijifunza jibu lake kama mtoto wa chuoni: nimechagua Lisbon, mwanangu.

Ayoub alipiga Ijumaa, baada ya sala. Biasha alikuwapo, amekaa kitandani ubavuni mwa shoga yake, anasikia kila neno. Walisalimiana, wakaulizana hali, kisha Ayoub akafika kwenye jambo lenyewe.

"Haya mama, umechagua wapi?"

Bi Mwanamwema alifungua mdomo. Na kilichotoka ni kile kilichokuwa kikitoka mdomoni humo tangu utoto wake, kwa kila aliyepata kumkaribisha kitu.

"Aa, mwanangu. Miye mtu mzima, nije kukutilieni uzito tu? Nendeni nyie vijana mkastarehe."

Hiyo ndiyo ilikuwa nshakula yake, hapakuwa na zaidi. Akakaa na tabasamu limeshajitayarisha, anangoja aambiwe mara ya pili. Biasha naye hakushituka hata kidogo. Angeshangaa lau shoga yake angejibu vyengine.

Upande wa pili ilisikika sauti ya Annika ikiuliza, Ayoub akamweleza kwa lugha yao, Annika akajibu maneno machache. Kisha Ayoub akarudi.

"Annika asema tusikulazimishe, mama. Na miye naona kweli, safari ndefu. Basi, sikulazimishi."

"Naam," Bi Mwanamwema alisema. "Ndiyo hivyo."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike nini, mwanangu? Mungu akujaalieni kheri."

Simu ilipokatika Biasha alimgeukia. "Mpigie. Mpigie sasa hivi umwambie unakwenda."

"Niombe kuitwa?"

"Mwanao huyo."

"Ndiyo maana," Bi Mwanamwema alisema. "Ayoub kazaliwa hapa, katika ghorofa hii. Nilimfinya paja kwa mkono wangu huu. Anajua fika namna mtu anavyojibu. Akinitaka, ataniita tena."

"Basi ntampigia miye."

Bi Mwanamwema aliinuka, akapapasa ukutani mpaka kwenye rafu, akauchukua msahafu. Biasha alipoona hivyo alilia kwa hasira, lakini shoga yake hakumwacha mpaka alipoapa kwamba hatamwambia Ayoub lolote, si la safari wala la macho. Ukaidi wa watu wapole ni kitu kibaya sana. Mkali ukimgombeza hukasirika na jambo likaisha, lakini mpole hukuitikia kwa heshima na kuzama na lake.

Ayoub aliendelea kupiga simu kila wiki kama kawaida yake. Aliuliza mvua zimeanza, aliuliza umeme, aliuliza afya, na mama yake akajibu mzima, alhamdulillahi. Kila alipokuwa akivuta pumzi baina ya neno na neno, Bi Mwanamwema alikaza sikio akidhani sasa ndiyo inakuja. Haikuja. Aliposhusha simu alibaki nayo mapajani, moyo umemlegea. Alianza kujiuliza maswali ya sumu. Huenda hawakumtaka tangu mwanzo, waliita kwa fadhila ya mdomo tu. Huenda Annika aliomba asije, na yale maneno machache yalikuwa ya kufurahi. Alikata tamaa, na tamaa ikikatika haina fundi wa kuiunga.

Akaacha kutia dawa. Kichupa kilikaa ndani ya friji nyuma ya birika la maziwa, na Biasha alipouliza aliambiwa nshatia. Alilitunza jicho kwa ajili ya Lisbon, sasa alitunzie nini? Angelitazama nini, nguzo za umeme za Michenzani?

Masika yalikuja na mawingu yakaifunga Unguja. Ile tundu ya ufunguo ikazidi kuwa nyembamba, ikawa kama ya sindano. Bi Mwanamwema hakujua kama ni mvua au ni yeye. Na katika kiza hicho, siku moja asubuhi, woga ulimpata kama mtu aliyeamshwa na maji. Aliona wazi kwamba anakwenda kufa bila ya kuujua uso wa mjukuu wake, na sababu ni heshima. Aliitafuta simu kwa vidole, akampigia Ayoub mwenyewe.

"Mama? Kheri?"

"Kheri. Nilitaka kukuuliza ile safari."

"Tunafunga mizigo hivi sasa, kesho tunaondoka. Tunakwenda Lisbon. Kachagua Mwema. Kasema huko kuna jua kama kwa bibi." Sauti yake ikashuka. "Mama, nilikuwa na hamu uje. Uliposema hutaki, nikajua ni kwa sababu ya Annika. Nikaona nisikutese kukulazimisha ukae naye."

"Annika hana kosa na miye."

"Basi kwa nini ulikataa?"

"Sikukataa, mwanangu. Nilikuwa nangoja uniambie tena."

Bi Mwanamwema alisikia zipu ya begi ikifungwa mahali fulani katika nyumba ile asiyoijua, na mtoto akicheka.

"Mama," Ayoub alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya yule mtoto aliyefinywa paja. "Nilisahau. Wallahi nilisahau. Huku mtu akisema la, ni la." Akavuta pumzi. "Sasa hata viza haipatikani tena. Lakini mwakani, inshaallah. Mwakani tutakwenda tena, na weye ndiye utakayechagua. Umesikia? Mwakani."

Hapo ndipo palipokuwa na mwanya wa kumwambia. Neno moja tu, macho, na mtu huyo angeiwacha Lisbon akapanda ndege ya Unguja. Lakini kesho ndiyo safari yao, na mtoto alikuwa anacheka.

"Inshaallah," Bi Mwanamwema alisema. "Utaniita, na ntakuja."

Wahenga wamesema majuto mjukuu. Bi Mwanamwema mjukuu hakumpata, majuto aliyapata kamili.

Siku chache baadaye Biasha aliingia mbio, simu mkononi, barafu ameziacha zinayeyuka. Ilikuwa asubuhi ya jua, mojawapo ya zile asubuhi chache ambazo masika hujisahau. Alimtoa shoga yake nje barazani, akamkalisha pale mwanga ulipokuwa mkali kuliko pote, akamtilia simu mikononi.

"Wametuma video. Mwema huyo, anakusemesha."

Sauti ya mtoto ilitoka, nyembamba, Kiswahili chake kizito kama mtu mwenye kipande cha muwa mdomoni. Ilikuwa dhahiri amefunzwa na baba yake neno kwa neno.

"Bibi, karibu. Bibi, karibu tena."

"Nakuja," Bi Mwanamwema alisema pale pale. Hakusema nshakula wala hakusema miye mtu mzima. "Nakuja, mjukuu wangu."

Mtoto hakumsikia, maana alikuwa ameshasema na kumaliza. Biasha aliirudisha video mwanzo. Bi Mwanamwema aliinamisha kichwa, akaisogeza simu kushoto, akaisogeza kulia, akaileta karibu mpaka ikagusa pua. Jua lilikuwa linampiga usoni, akilisikia joto lake.

"Nimekaa juani?" aliuliza.

"Juani hasa."

"Yeye je?"

"Naye yuko juani. Nyuma yake ukuta mweupe."

"Basi nigeuzie simu, Biasha, umenipa kinyume. Nataka kumwona uso."

Biasha alimtazama shoga yake, akaitazama simu. Haikuwa kinyume.

"Huo ndio uso wake, shoga," alisema. "Unautazama."