Uso Uliokwanguliwa

Ndugu wakipatana, chukua jembe ukalime. Wakigombana, chukua kapu ukavune. Najua wahenga walisema kinyume. Wahenga hawakuajiriwa ofisi moja na wadogo zao.

Mimi nina stashahada, na miaka saba katika ghala la makumbusho. Kila sarafu ya Kirumi iliyomo humo nimeisafisha, nimeipima na kuiandikia kadi kwa mkono wangu. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana shahada mbili na miezi minne kazini. Maonyesho ya sarafu yalipotangazwa, Mkuu wa makumbusho alimpa yeye kazi ya kuandika maelezo. Mimi nilipewa kitambaa cha kufutia vioo.

"Dada, usinune," aliniambia. "Si utanisaidia?"

"Nitakusaidia kunyamaza."

Akacheka. Alidhani namtania.

Yeye aliitwa mtaalamu, mimi yule wa ghala. Nyumbani siku hiyo Mama alimfunikia chakula, eti mtoto anafikiri sana. Changu nilikikuta sufuriani kimepoa, nikakila nimesimama. Halafu hayo maelezo yenyewe! Kiswahili cha kutembelea magongo.

Sarafu nilizozipenda kuliko zote zilikuwa mbili. Moja ya fedha: ndugu wawili, watawala wa Roma kwa pamoja, wamepeana mikono, na ukingoni neno la Kilatini lenye maana ya upatano. Warumi waliuabudu upatano kama mungu wa kike, kwa hiyo picha ile ilikuwa sala na siasa kwa mpigo mmoja: raia, laleni, nyumba ya mfalme ni moja. Haukupita muda, mkubwa akamuua mdogo.

Ya pili ni ya shaba, kutoka mji wa mbali wa dola ileile. Vichwa viwili vinatazamana, kimoja hakina uso. Baada ya mauaji, kwa amri ya mkubwa, jina na sura ya yule mdogo vilifutwa kila vilipoonekana, na hapo mtu alishika chombo chenye ncha akakwangua. Ukiigeuza, unamkuta mungu wa mji juu ya farasi, mbele ya madhabahu. Huyo hakuguswa. Waliogopa wa mbinguni, wakamtii wa duniani.

Mdogo wangu ile ya fedha aliieleza vizuri, sikatai. Ya shaba aliiandikia hivi: "Sura moja imeharibiwa na usafishaji mbaya wa miaka ya karibuni."

Usafishaji wa nani, kama si wangu?

Hakushuka ghalani kuishika. Aliandika kwa kutazama picha, na taa ya mpiga picha huufanya mkwaruzo wa kale ung'ae kama wa jana. Rasimu niliiona Jumatatu. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Siku zote hizo tulikula meza moja, tukapeana chumvi. Sentensi moja tu ingetosha. Sikuisema.

Ijumaa, mbele ya wageni, Mkuu alisoma kadi ile, akakunja uso.

"Nani aliisafisha hii?"

Mdogo wangu alitazama viatu vyake. "Ghala," alisema.

Hakusema dada. Alisema ghala.

Nikafungua kabati la vioo, nikaitoa sarafu, nikamkabidhi Mkuu pamoja na lenzi yangu. "Tazama ndani ya mikwaruzo. Unaona nini?"

"Kijani."

"Hiyo ni kutu ya shaba, na imeota juu ya mkwaruzo. Kutu nzito namna hiyo haioti kwa miaka saba. Aliyekwangua amekufa zamani, Mkuu, na hakukosea. Alitii amri."

Wageni wakasogea. Mmoja akaniomba lenzi, mwingine akauliza yule mdogo aliuawa na nani. Mkuu aliiondoa kadi, akaitia mfukoni.

"Andika wewe," akaniambia. "Zote."

Mdogo wangu nilimkuta kwenye ngazi, macho mekundu.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Dada! Si ungeniambia jikoni?"

"Si ungeniuliza ghalani?"

Jioni Mama alituketisha mezani. "Wewe ndiye kifungua mimba," alinianza. "Mkubwa ni jalala. Umemwacha mwenzio aaibike, nawe ulikuwa na dawa mfukoni. Muombe radhi."

"Jalala hutupiwa taka, Mama. Halisingiziwi."

"Sikuulizi ya jalala! Nimesema muombe radhi!"

Mdogo wangu akanyoosha mkono juu ya meza. Nikaikumbuka ile mikono ya kwenye sarafu ya fedha, jinsi ilivyochongwa vizuri. Kisha nikampa wangu, kwa sababu Mama alikuwa anatutazama.

"Haya," Mama alisema, "na maneno?"

Mkono nimetoa. Radhi siombi.